Mdogo Wake Fransis

Napenda kutamka, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba wali wa likizo, kwamba barua ile niliiandika mimi. Muhuri pia niliuchonga mimi, kwa soli ya kandambili, ufundi ambao bwenini kwetu hufundishwa bila kuwemo kwenye mtaala.

Kaka yangu Badru ni bondia wa kilo sitini na moja. Pale Chamazi anajulikana kwa mambo mawili: miguu yake haisikiki ulingoni, na mdomo wake haunyamazi. "Ufundi unampiga mtu yeyote," huwaambia watu. "Hata awe na uzito wa friji." Lakini mwaka huu alishapoteza mapambano mawili, na Mama akamwapisha mbele ya mjomba Marijani: akipigwa tena, ngumi basi, anakwenda kuuza vipuri vya pikipiki dukani kwa mjomba, Buguruni. Tangu siku hiyo Badru aliogopa kupanda ulingoni. Akawa anapigana na kivuli chake uani, na kivuli, kwa heshima zote, hakijawahi kumpa mtu ushindi.

Nikaamua kumwokoa. Kule Mbagala kuna bondia anaitwa Fransis, mwembamba kama ufito, kilo hamsini na nne. Nikasikia ana mdogo wake naye anapigana. Nikapiga hesabu: kama mkubwa ndiye huyu, mdogo atakuwa anapeperuka. Nikaandika kwa jina la klabu yetu, nikaomba pambano la kirafiki la raundi tatu kati ya Badru na "mdogo wake Fransis", nikagonga muhuri. Wakakubali. Badru alidhani barua imetoka kwa kocha wake, Sebastian. Kocha alidhani imetoka kwa Badru. Mie nikawa mtu wa kunyamaza.

Jumamosi saa kumi alasiri, mdogo wake Fransis aliingia klabuni kwa ubavu, kwa sababu mlango wa bati haukumtosha. Jina lake Albano. Miaka kumi na tisa, kilo mia moja na nne.

"Huyu ndiye mdogo?" kocha aliuliza.

"Wa mwisho kwetu," Fransis akajibu kwa fahari. "Kitindamimba."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mdogo hupimwa kwa miaka, wala mizani haihusiki. Kiswahili nina A. Sijui niliipataje.

Kocha akamvuta Badru pembeni. "Tuahirishe tu. Hakuna atakayekucheka."

"Badru!" mtu akapaza sauti juu ya ukuta. "Friji lako limefika!"

Uwanja mzima ukacheka. Badru akavaa glovu.

Walipokutana katikati, Albano aliinamisha kichwa. "Shikamoo, kaka."

Nadhani Badru alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. "Marahaba," akajibu, kengele ikalia.

Raundi ya kwanza ilikuwa yake yote. Aliingia, akapiga mbavu, akatoka kabla mkono wa Albano haujafika. Watu wakaimba jina lake. Nikaanza kujiona mtaalamu wa kupanga mapambano.

Raundi ya pili, Albano alirusha ngumi ambayo naamini alimlengea nzi. Badru akakaa chini, kisha akalala.

Sasa sheria iko hivi: ukimwangusha mwenzako, unakwenda kwanza kusimama kwenye kona ya mbali, ndipo mwamuzi aanze kuhesabu hadi kumi, na aliyelala asipoinuka kashindwa. Albano hakwenda. Alipiga magoti.

"Pole, kaka. Umeumia? Mleteeni maji!"

"Nenda kwenye kona!" kocha, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, akafoka.

"Kocha, nimuache kaka wa watu chini hivi?"

Walibishana, Albano akiwa analia kidogo. Mimi nilihesabu kwa vidole hadi vikaisha, nikaanza upya. Kumi na sita. Badru akainuka.

Raundi ya tatu Albano hakuwa na pumzi wala moyo. Badru akamchapa tumboni mara nne, yeye akakaa chini taratibu kama mtu aliyepata kiti, akahesabiwa hadi kumi. Kocha akainua mkono wa Badru. Watu wakashangilia, kisha wakaanza kuulizana wanashangilia nini.

Nyumbani Mama alitazama lile jicho lililovimba. "Umepigwa."

"Kashinda, Mama," nikasema.

"Sijakuuliza wewe. Badru, umepigwa, hukupigwa?"

Badru aliketi, akaligusa lile jicho bila majigambo. Sijapata kumwona hivyo. "Nilikuwa nawasikia wakibishana," akasema. "Nilitaka kuinuka, miguu haikutaka. Nimepigwa, Mama."

"Lakini mkono si umeinuliwa wewe?"

"Umeinuliwa."

"Kwa hiyo umeshinda."

"Nimeshinda. Ila nimepigwa."

Mama akanigeukia mimi, msomi wa familia. Nikakumbuka vyombo havijaoshwa, nikavifuata.

Jumatatu alfajiri Badru alikuwa mlangoni, amevaa kiatu kimoja, anakwenda Buguruni. Mama akatokea na mwiko mkononi.

"Wapi?"

"Dukani kwa mjomba. Si niliapa?"

"Uliapa ukipigwa. Mtu aliyekupiga atakulilia, akuagizie maji?"

Badru akafikiri. "Sasa pale ilikuwa nini?"

"Mie sijui, mwanangu. Lakini kupigwa siyo."

Akavua kile kiatu, akachukua kamba, akaanza kuruka uani.

Bado watu humuuliza kama mwenye umbo dogo anaweza kulipiga pande la mtu. Zamani jibu lilikuwa tayari. Siku hizi hujikuna kichwa, akasema inategemea huyo mkubwa kalelewa na nani. Nami niliyelipanga pambano, sielewi kitu.