Kola Ambayo Sikuishona

"Shemeji, usinipande kichwani. Nimesema sijamaliza."

"Kikao ni saa nane, na sasa ni saa saba na robo," alinijibu mdogo wa marehemu mume wangu. Sisi humwita Mwenyekiti, maana hakuna kikao cha ukoo ambacho hakukiongoza, hata kile cha kugawana sufuria za bibi yao. "Watu wameshaitwa. Mwanao ataomba radhi, mkweo atapokea, na yule askari ataambiwa mambo yameisha nyumbani. Wewe kazi yako ni hiyo blauzi tu."

"Umekalia pini."

Aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. Pini haikuwepo. Nilitaka tu anyamaze kidogo nifikiri.

Chumba changu cha kushonea ni kidogo: cherehani mbili, meza ya kukatia, na pazia kwenye kona ambapo wateja hujaribu nguo. Nyuma ya pazia hilo alisimama mkwe wangu, amevaa blauzi ya kijivu isiyo na kola, akitusikiliza. Siku nne kabla alikuwa amekwenda hospitali, kisha polisi, peke yake. Askari wa dawati la jinsia alimwambia kwamba bila shahidi kesi itakuwa dhaifu, na kwamba angemsubiri hadi leo saa kumi. Asubuhi ya leo akaja kwangu na kitambaa.

"Mama, nitengenezee kola ndefu. Isiyofunguka."

Nilizungusha futi shingoni mwake. Upande mmoja niliona alama za vidole vinne, upande wa pili cha tano. Nikaandika inchi kumi na tatu na nusu. Hicho ndicho nilichofanya. Niliandika namba.

"Mume na mke hukwaruzana," Mwenyekiti aliendelea, safari hii akiwa amesimama. "Nani asiyejua?"

"Paka ndio hukwaruzana. Huyu amekabwa."

"Nani aliona? Hebu niambie. Ni neno lake na neno la mwanao. Hakuna aliyeona!"

Nikavuta droo, nikatoa daftari la vipimo. Chuoni, nilikosomea stashahada yangu, mwalimu alitukazania: mteja akibadilisha mshono, andika tarehe na sababu kwa maneno yake mwenyewe, asije kukugeuka kesho. Nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita.

"Soma," nikamwambia. "Miwani yako iko kichwani."

Akaishusha. Nilijua alichokuwa akisoma, maana mwandiko ni wangu. Mwaka juzi, mwezi wa tatu: mikono ya gauni ishushwe hadi chini ya kiwiko, ameungua na pasi. Mwezi wa saba: mikono hadi kiganjani, ameanguka bafuni. Mwezi wa kumi na moja: kiuno kipunguzwe inchi nne, hana hamu ya kula. Mwaka jana mara tatu tena, bafuni, ngazi, mlango wa kabati.

"Hii ni ya mafundi," alisema. "Inchi na nini."

"Ni tarehe, Mwenyekiti. Na ile ya kwanza haikuwa pasi. Mimi pasi imeniunguza mara zisizo na idadi, alama yake naijua. Pasi haina vidole."

"Sasa mbona hukusema?"

Hapo alinipata. Sikusema kwa sababu nilijua kushona. Kila alama niliipatia kitambaa, na nilijisifu pia. Kola niliyomshonea mwezi wa tano mwaka jana majirani waliisifia, wawili wakaja kuomba kama ile.

"Sikusema," nikajibu. "Na hilo pia nitaliandikisha."

"Utamfunga mwanao wa kumzaa?"

Mtoto huyo alilala chini ya meza hii hii, ndani ya kapu la vipande, mlio wa cherehani ukimbembeleza. Nikageukia pazia, kwa sababu shingo haikuwa yangu wala ya Mwenyekiti.

"Mwanangu, umesikia yote. Ukitaka kola nitaishona sasa hivi, na sitakulaumu hata siku moja. Ukitaka tuende kituoni, mimi ndiye shahidi wako. Sema wewe."

Nje gari lilipiga honi. Mwanangu ndiye aliyemleta baba yake mdogo, na alikuwa akitusubiri.

"Usiishone, mama," mkwe wangu alisema nyuma ya pazia.

Akatoka. Niling'oa pini mbili zilizobaki begani mwake, nikatia daftari kwenye mkoba, nikachomoa pasi kwenye umeme. Mkasi niliuacha juu ya kola iliyokwisha kukatwa.

Mwanangu alishuka garini alipotuona tunapita. "Mama, mnakwenda wapi? Kikao ni huku."

"Kituoni. Nakwenda kusema nilichokiona."

Akaitazama ile shingo, wazi kwenye jua, kisha akatazama chini. "Mama. Mimi ni mwanao."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekwambia mwenyewe, usisikie kwa askari."

Akapiga hatua moja kutufuata. Mwenyekiti alikuwa ametoka nyuma yetu, na mkono wake ukatua begani kwa mwanangu. Sijui kama alimzuia au alitafuta pa kujishikia. Sikugeuka kuuliza. Tulitembea, mimi upande wa barabara, mkwe wangu upande wa ndani, na njia nzima hakushika shingo yake hata mara moja.

Askari alikuwa binti mwenye sauti ya chini na meza iliyojaa mafaili. Alimpa mkwe wangu kiti kwanza, kisha mimi.

"Shahidi ni wewe? Una uhusiano gani na mtuhumiwa?"

"Mama yake."

Kalamu ikasimama hewani.

"Andika," nikamwambia. Nikafungua daftari, nikaanza na ile pasi.