Mtungi Mwekundu

Mama Miwani, ndivyo kiwanda kizima kilivyomwita, alifungua mlango wa maabara na moyo ukamruka. Kimiminika ndani ya mtungi wa kioo kilikuwa chekundu pyu. Saa hiyo kilipaswa kukaribia rangi ya maji.

“Umetia bromini kiasi gani?”

Aliyeulizwa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, baba wa watoto wawili, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi pale.

“Yote, dada. Taa imeungua tangu asubuhi. Nikaona nikiitia kabisa, taa mpya ikija kazi itakwenda chapchap.”

Bromini, kemikali nyekundu yenye sumu, hutiwa kwenye tolueni, kimiminika kisicho na rangi, tone kwa tone chini ya taa, na rangi ikishafifia ndipo tone lingine lifuate. Mwanga huipasua molekuli ya bromini vipande viwili. Kila kipande huinyang'anya tolueni haidrojeni yake, na iliyonyang'anywa nayo huvamia bromini nyingine, hivyo mnyang'anyi mpya huzaliwa. Tone moja ni ugomvi mdogo. Mtungi mzima uliokosa mwanga ni umati unaomsubiri wa kwanza kurusha jiwe.

Na jua la dirishani lilikuwa limeshapanda mezani. Lilibakiza kiganja kimoja kuufikia mtungi.

“Shusha pazia!”

“Limekwama, dada! Halishuki!”

Mama Miwani alikuwa bado anahangaika na vifungo vya koti lake ili aufunike mtungi, jua lilipougusa. Mapovu yakachemka upande ule, rangi ikaanza kukimbia, kifuniko kikatetemeka. Mdogo wake akamwahi. Aliukumbatia mtungi kwa koti na kifua chake, akauzibia mwanga wote.

“Toka hapo, utakufa!”

“Nikitoka jua linaingia! Fungua maji!”

Akafungua maji baridi yanayozunguka mtungi hadi mwisho. Moshi mweupe wa tindikali ulifoka kifunikoni, ukampiga mdogo wake usoni. Macho yao yakabubujika machozi, koo zikawaka. Mama Miwani akapapasa, akaongeza koti lake juu ya lile, akamng'ang'ania mdogo wake kiunoni huku akimlilia Mungu kwa sauti. Katika giza la makoti, mapovu yakapungua, kisha yakakoma. Mtungi haukupasuka. Mdogo wake aliteleza mikononi mwake kama nguo iliyolowa.

Hospitalini daktari alisema mapafu yameungua, wasubiri. Wifi yake alifika mbio, kanga imevaliwa upande, akamshika mkono.

“Wifi, ilikuwaje?”

Mama Miwani angeweza kusema ni taa. Angeweza kusema ni pazia.

“Mimi ndiye niliyetia saini kazi ianze. Sikwenda kuikagua taa.”

Wifi aliutoa mkono wake taratibu, akahamia benchi la mbali.

Siku ya tano mgonjwa alifumbua macho. Hakuweza kusema, na daktari alishawaambia kwamba kazi yoyote inayohitaji pumzi ameiaga. Alimtafuta dada yake kwa macho chumba kizima. Mama Miwani alikuwa nje ya mlango, kipaji cha uso ukutani, akishindwa kuingia.