Zamu ya Tausi

Tausi wa Chumbageni ukimpa chai atainusa kwanza. Tangu mumewe Zubeiri alipooa mke wa pili, Kijakazi wa Raskazone, hata chafya ya mume aliitilia shaka. Siku mbili kwake, siku mbili kwa mwenziwe, na ole wake atakayeigusa zamu yake.

Alfajiri ile ya zamu yake, Zubeiri aliamka kashika kifua. Kinabana, alisema, na mkono wa kushoto umekufa ganzi, apelekwe hospitali. Tausi alicheka moyoni. Hospitali si iko njia ile ile ya Raskazone?

"Hiyo gesi, mume wangu. Kunywa tangawizi ulale."

Akafunga mlango, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga, akaenda jikoni. Jua lilikuwa limepanda Zubeiri alipoanguka, ndipo Tausi akaita bajaji.

Hospitalini walimpokea mbiombio. Hata jina halijaandikwa, walishambandika nyaya kifuani na mashine imetoa karatasi. Tausi akazidi kushuku. Tangu lini mtu akaharakishwa bila kujuana na mtu?

Daktari Devota aliisoma karatasi. "Mama, mshipa wa moyo umeziba. Maumivu yalianza lini?"

"Sasa hivi tu." Tausi aliliona swali lile kama mtego.

Mara Kijakazi akaingia, anahema. "Shikamoo, dada." Tausi akampa kisogo.

"Mama, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inakwenda na saa," Devota alisema. "Ukinidanganya nitakosea matibabu, na atakayeumia ni yeye."

Tausi alimtazama mwenziwe. Kusema kweli mbele ya huyu kulimwia vigumu kuliko kumeza mwiba, lakini alimpenda Zubeiri.

"Alfajiri," akasema. "Nikamfungia mlango. Nilidhani anataka kwenda kwa huyu."

"Dawa tutampa sasa hivi. Ila moyo umeshaumia," Devota akajibu, akakimbilia ndani.

Wake wawili wakabaki kwenye benchi.

"Nani kakwambia tuko huku?" Tausi aliuliza.

"Jirani yako. Zubeiri alinipigia alfajiri, akasema kifua kinamuuma. Nikamwambia nakuja na bajaji nimchukue, akanikataza. Alisema, 'Leo zamu ya Tausi. Usije ukamvunjia heshima nyumbani kwake.' Nikakaa, dada. Nikakaa mpaka nikashindwa."