Kutu Kwenye Nywele

Kinyozi mwenye akili haulizi maswali. Mteja akikaa kitini ukamwuliza habari za nyumbani, atasema salama, na mdomo utafungwa hapohapo. Ukinyamaza, mkono ukaendelea na kazi, yeye akijitazama kwenye kioo, kabla hujafika nyuma ya sikio umeshajua mke kaondoka lini na kwa nini. Miaka kumi na tisa nimepata siri za mtaa mzima namna hiyo. Iliyonishinda ni siri ya mwanangu wa kumzaa.

Binti yangu ana miaka tisa. Mama yake hufua na kupiga pasi nguo za watu mpaka jioni, kwa hiyo mtoto akitoka shule huja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja na madaftari yake. Zamani alikuwa chiriku: nani kalala darasani, nani kamwaga wino, nani hasemi na nani. Muhula uliopita akaniambia mwalimu wa hesabu kamfinya sikio. Sikusubiri amalize. Nilimwacha mteja na ndevu upande mmoja, nikaenda shuleni na aproni kiunoni, nikafoka mpaka madarasa yote yakajaa madirishani. Kumbe niliyekuwa nikimfokea ni mwalimu wa muziki. Wateja huniita Pilipili, na siku ile jina lilinikaa. Watoto walimcheka binti yangu mwezi mzima. Hasira hasara, wanasema, ila hasara ile aliilipa yeye.

Tangu hapo nikimwuliza shule ilikuwaje, jibu ni moja tu: nzuri. Wiki mbili hizi hiyo nzuri ilianza kunitisha. Mtoto hataki kufunga mlango wa bafu. Hataki taa izimwe. Chakula anakichezea. Mama yake alimbembeleza, mimi nikamhoji kama askari, na kadiri nilivyohoji ndivyo alivyozidi kuwa jiwe. Tukabaki kutazamana na mama yake, kila mmoja akiogopa kusema anachowaza.

Jumatano nikaona nywele zake zimepita kipimo cha shule. Nikamkalisha kitini, juu ya ubao tunaowawekea wadogo. Nilipomfunga kile kitambaa cha kunyolea shingoni, alikivuta kwa mikono miwili, akihema kama mtu aliyekimbizwa. Nikakiondoa. Nikachukua chanuo.

Utosini chanuo kilitoka na chembe nyekundu. Nikazisaga kwa vidole. Kutu. Ilikuwa imeshikamana mpaka kwenye ngozi, na chini yake palikuwa na uvimbe. Kichwa cha mwanangu kilikuwa kimejigonga kwenye chuma, na si mara moja. Swali lilifika kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza, likashuka kama mfupa. Nikawasha mashine.

Nilinyoa polepole kuliko siku zote. Mteja mmoja akachungulia, nikamwashiria arudi baadaye. Nilimaliza upande wa kulia, nikahamia kushoto, na bado ni mlio wa mashine tu. Nilishaanza kukata tamaa.

"Baba, mtu mwenye pumu anaweza kukaa gizani muda gani?"

Nikajibu kwamba sijui, inategemea kama kuna hewa.

"Hewa hakuna."

Basi ikatoka yote, huku macho yake yako kwenye kioo. Nyuma ya vyoo vya shule kuna tangi la chuma la maji ambalo halitumiki tena. Wasichana wa madarasa ya juu wana mchezo. Wanakuingiza ndani, wanakalia kifuniko, wanahesabu. Walianza na hamsini. Ukilia, wanaanza upya. Juzi walifika mia tatu naye yumo. Kesho zamu ni ya kale katoto ka darasa la kwanza kanakotembea na dawa ya pumu mfukoni, ambako binti yangu hukavusha barabara kila asubuhi. Wamemwambia yeye ndiye akalete, kwa sababu kanamwamini. Asipokaleta ataingia yeye, na safari hii hawatahesabu.

Hasira ilinipanda mpaka nikaona kioo kinacheza. Nilishafungua mdomo. Ndipo nikaona kwamba mtoto hatazami nywele zake. Alikuwa akiutazama uso wangu, amebana mabega, anangoja nilipuke. Nikazima mashine.

"Umekasirika," akasema.

"Naogopa," nikasema, na ilikuwa kweli. Kisha nikashindwa kujizuia. "Mbona hukuniambia mapema, mama?"

Alifikiri kidogo. "Kule ndani nilijua mwishoni watafungua. Wewe sikujua utafanya nini."

Nimewahi kutukanwa na walevi kwenye kiti hiki. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile. Nilimfuta shingo kwa taulo ili nipate pa kuficha uso, kisha nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema twende sote, sasa hivi, yeye ndiye atakayesema, mimi nisimame karibu.

Mwalimu mkuu tulimkuta ofisini anapanga makaratasi. Aliponiona alisogeza kiti nyuma, na simlaumu. Binti yangu akaanza kueleza. Alipofika kwenye kifuniko sauti ikakatika. Mwalimu mkuu akanigeukia nimsaidie. Maneno nilikuwa nayo tele, ya kujaza uwanja mzima. Nilinyamaza, nikangoja, na ule ukimya ulinichosha kuliko kazi ya siku nzima. Binti yangu akaendelea mpaka mwisho.

Tulikwenda kwenye tangi wanne, pamoja na mlinzi wa shule na tochi yake. Mlinzi alikiinua kifuniko, akamulika ndani. Chini palikuwa na kiatu kimoja, soksi, rula, kifungo cha sweta na utepe wa nywele. Hakuna kilichokuwa cha binti yangu. Mwalimu mkuu akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna anayejua ni vya nani. Binti yangu akainama ukingoni, mkono wake umeng'ang'ania wangu, akawataja wenyewe mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watoto watano, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa amefika shuleni kuuliza.