Spika ya Ohm Kumi na Sita

Watu wa Voi walimsema sana fundi Donald mwaka ule wa sabini na nne. Eti mtu amemzika mwanawe wa pekee na hajatoa hata chozi! Alhamisi mazishi, Jumatatu yuko kibandani kwake karibu na stesheni anafungua redio za watu. Midomo haina kazi, jamani. Ukweli ni kwamba Donald alikuwa amekufa ganzi. Alikula akiwekewa chakula, alilala akionyeshwa kitanda, na mkewe Hannah alipolia chumba cha pili alimsikia kama anavyosikia redio ya jirani.

Wiki ya tatu akaja Noah, kiongozi wa bendi ambamo marehemu Crispus alikuwa akipiga gitaa. Yeye na mwenzake walibeba amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ileile iliyokuwa kwenye lori lililopinduka Maungu na kumuua Crispus. Kasha lilikuwa limebonyea kona. Ndani yake spika moja ilikuwa nzima, nyingine imechanika vipande.

"Mzee, tunajua si vizuri kukuletea hii," Noah akasema. "Lakini Jumamosi tuna dansi Taveta, na hakuna mwingine anayeijua."

"Iwekeni hapo."

Kuijua aliijua, tena sana. Kasha aliliunda mwenyewe, akaandika jina lake ndani kwa rangi nyeupe, kama alivyofanya kwa kila kitu kilichotoka mikononi mwake. Kisha siku moja Crispus akachukua wembe, akachanja karatasi ya spika moja ili gitaa likorome. Watu walilipenda koromo lile, hata huko kijijini Mata bendi ikajulikana kwalo. Donald alipoona, lo! Alifuta jina lake kwa petroli. Na chale zilipoanza kupanuka, mwanawe alipomletea azizibe kidogo, alimwambia, "Kitu umekiharibu mwenyewe kwa makusudi usiniletee. Tafuta fundi wa takataka."

Crispus akatafuta. Alipanda lori la mkonge kwenda kwa fundi mwingine Mombasa, na Mombasa hakufika. Hayo Donald hakuwa amemwambia mtu, hata Hannah.

Noah alitoa spika mbili kwenye gunia, moja inang'aa, nyingine imejaa vumbi. "Chagua, mzee. Zote zinaenea kwenye tundu."

Donald akazipima kwa mita, akazisoma mgongoni. "Spika si kofia, useme imeenea kichwani basi," akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyosema tangu mazishi. "Hii inayong'aa ukinzani wake wa umeme ni ohm nane. Iliyobaki ndani ni kumi na sita. Ukizifunga pamoja, mashine itajikaza kupita nguvu zake, iungue hata nyimbo mbili hamjamaliza. Hii ya vumbi ni kumi na sita. Ndiyo mwenzake."

Akaifunga, akachomelea nyaya, akakaza skrubu. Noah akachomeka gitaa, akapiga. Sauti ilitoka safi, kila uzi unasikika peke yake.

"Nzuri, mzee," Noah akasema, kisha akaacha kupiga.

Hannah alikuwa amefika na chakula, amesimama mlangoni. "Sauti hiyo si ya Crispus," akasema. Hakuwa akimlaumu mtu.

Donald alijua kwamba maneno yale yalipaswa kumchoma. Hayakumchoma. Aliona tu kwamba kazi haijaisha. Akaokota mabaki ya ile spika iliyochanika, akayapanga mezani kipande kwa kipande. Pale ajali ilipopasua, kingo zilikuwa na nyuzinyuzi. Pale wembe ulipopita, palinyooka. Chale zilikuwa tatu, fupi, zimeachana sawasawa kabisa. Mwanzo na mwisho wa kila moja palikuwa na nukta ya penseli, vile alivyomfundisha Crispus mwenyewe tangu utotoni: alama kwanza, wembe baadaye. Kumbe kijana hakuwa ameharibu kitu. Alikuwa amefanya kazi ya fundi.

Donald akaitoa spika aliyoifunga sasa hivi, akapima, akatia nukta sita, akachukua wembe.

"Mzee, hiyo ni nzima!" Noah akashtuka.

Donald alichanja mara tatu, akairudisha. "Piga."

Gitaa likakoroma. Hannah akaketi juu ya kreti, akajifunika uso kwa leso. Donald hakulia hata hapo. Akachukua kopo la rangi nyeupe, lakini mfuniko ukamshinda kufungua.

"Nilimfukuza, Mama Crispus. Aliniletea hii, nikamfukuza."

"Najua," Hannah akasema. "Aliniambia akiniaga." Akainuka, akamfungulia kopo.

Donald akaandika jina lake pale alipokuwa amelifuta.

"Na ikitusumbua tena, mzee?" Noah akauliza.

"Ileteni hapa," Donald akasema. "Hata mkiiharibu wenyewe, ileteni hapa."