Breki Zilizonyamaza

Mvua za msimu ule hazikuwa na adabu. Zilianza alfajiri, zikapumzika kidogo mchana, kisha zikarudi jioni kumalizia zilichobakiza. Mama Mikate, kama mtaa mzima ulivyomwita, hakuwa na hiari ya kukaa ndani akisikiliza bati. Mikate haijui mvua. Ikitoka tanurini inataka kufika dukani ingali laini, na wa kuifikisha alikuwa yeye na baiskeli yake, kreti zimefungwa kwenye keria na kufunikwa nailoni, yeye mwenyewe bila cha kujifunika.

Mchana alirudi akiwa tope tupu. Barazani baba yake alikuwa ameshaketi kwenye benchi, karai la maji miguuni, brashi na matambara pembeni, na kichupa cha mafuta ya cherehani mfukoni mwa shati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ilete hiyo maskini."

Maskini ilikuwa baiskeli. Mzee alikuwa fundi baiskeli tangu ujana wake, hadi macho yalipoingia ukungu na kibanda kikafungwa. Sasa aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini baiskeli ya bintiye hakukubali mtu mwingine aiguse. Aliimwagia maji polepole, asije akayasukumia ndani ya ekseli, akapiga brashi mnyororo, akakausha, akadondosha mafuta, akafuta yaliyozidi. Mikono ikifanya kazi, mdomo ulifundisha.

"Tope si tatizo. Tatizo ni kuiacha ilale mbichi. Ukiiacha mbichi, asubuhi unakuta kutu imeshahamia."

"Ndiyo, baba."

Akimaliza alijinyoosha mgongo, akaingia ndani kulala kidogo, ameridhika. Hapo ndipo Mama Mikate alipoanza kazi yake ya pili. Aliikokota baiskeli hadi nyuma ya jiko, akaisafisha upya. Tope lilikuwa limebaki chini ya madigadi na kwenye raba za breki. Mnyororo ulikuwa na mafuta ya kuchuruzika upande mmoja, na upande wa pili mkavu kabisa. Alisugua taratibu, pumzi ameibana, kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Angeweza kusema. Mara ngapi neno lilimfika mdomoni! Lakini alijua saa nyingine za mzee zilivyokuwa: kukaa, kuuliza kumekucha au bado, kukaa tena. Ni kwenye karai lile tu ndipo alipokuwa fundi, akigomba na kuchagua tambara kama zamani. Kumnyang'anya hilo kungekuwa ukatili, naye moyo huo hakuwa nao. Kwa hiyo alichoka mara mbili kila siku, na hakumwambia mtu.

Halafu ikaja siku ile breki zilipoanza kulia. Alipoingia uani zilipiga ukelele hadi kuku wakatawanyika.

"Aibu gani hii?" mzee akasema. "Watu watasema binti wa fundi anaendesha kopo. Iache hapo. Nitazinyamazisha."

Mama Mikate aliingia chumbani kubadilisha nguo, ili baadaye atoke akairudie kama kawaida. Alikaa kitandani avue soksi. Alivua moja. Usingizi ukambeba na ile nyingine mguuni, na alipofumbua macho, siku mpya ilikuwa imeshabisha hodi.

Alitoka mbio. Breki zilikuwa kimya kweli, na njiani alimshukuru mzee moyoni. Barabara tambarare haikumdai breki sana. Ukaja mteremko wa kushukia dukani, mvua inamchapa usoni, kreti zimejaa nyuma. Akabana breki. Hakuna kitu. Akabana tena kwa nguvu zote, na baiskeli ikazidi kukimbia, laini, bila hata mlio. Chini pale watu walikuwa wamesimama na miamvuli yao, wanasubiri duka lifunguliwe, wamempa mgongo. Alipiga kelele, sauti ikamezwa na mvua. Kando ya barabara palikuwa na fungu la mchanga wa mtu anayejenga. Akauelekeza usukani huko, akafumba macho.

Mwenye duka ndiye aliyemfikia kwanza. Alimtazama, akaitazama mikate iliyochomekwa mchangani huku na huku.

"Mama Mikate, mikate haipandwi," akasema, kisha akamshika mkono akamwinua taratibu. "Pole, dada. Umeumia?"

Kiwiko kilikuwa kimechubuka, goti limevimba, pedali imepinda. Alipobaki peke yake aligusa rimu. Kidole kikateleza. Akakinusa. Mafuta ya cherehani.

Alirudi akiisukuma baiskeli kwenye mvua, anachechemea, na njia nzima alipanga maneno. Hasira ilimpanda. Ikashuka, ikabaki huruma, na huruma ilimchosha kuliko hasira. Mwisho akaamua kudanganya.

"Mbona umekuja unatembea?" mzee aliuliza kabla bintiye hajamwamkia. Masikio yake hayakuwa na ukungu wowote.

"Niliteleza, baba. Tope."

"Umeumia?"

"Kiwiko kidogo tu."

"Ilete."

Mikono ya mzee ilianzia kwenye usukani. Ikafuta mchanga, ikapita kwenye fremu, ikaikuta pedali iliyopinda, ikateremka hadi gurudumu la mbele. Dole gumba likasimama kwenye rimu. Akalipeleka puani. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumfukuza mwanafunzi kibandani kwa kosa hilo hilo, kuacha mafuta yafike pale breki zinapobana. Uso wake ulisinyaa, na Mama Mikate akatamani angekuwa ameifuta rimu ile njiani.

"Nilikuwa nalenga bolti," mzee akasema. "Pale juu, mkono wa breki unapojikunja. Bolti ikikauka breki inalia."

"Najua, baba. Yalichuruzika."

"Niliyafuta."

"Yalibaki. Huwa yanabaki."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Mzee akageuza uso upande aliko.

"Huwa?"

 Uongo mwingine hakuwa nao.

"Huwa narudia, baba. Ukiingia kulala, naisafisha tena."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na jana?"

"Jana nilichoka."

Mzee alilifuta dole gumba kwenye tambara. Alilifuta muda mrefu, hata baada ya mafuta kwisha.

"Mimi nilidhani nakupumzisha," akasema.

Mama Mikate alitaka kumjibu kwamba ndiyo, anampumzisha, bila yeye angeshindwa. Maneno yalikuwa tayari, mazuri kabisa. Nguvu ya kuyasema ndiyo haikuwepo. Alijiachia chini sakafuni, na nguo zake mbichi, akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake. Mkono wa mzee ukapapasa hewani, ukamkosa, ukarudi, ukatua juu ya nywele zake.

"Basi lala," mzee akasema.

Usingizi ukamchukua pale pale. Mzee hakujisogeza, hata mguu ulipokufa ganzi.