Nyumba Yetu ya Mtoni

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1994, katika majira yale ambayo mvua kubwa zimekwisha na mto umerudi ndani ya kingo zake, ukiacha juu ya kuta za mji mstari wa rangi ya chai unaoonyesha mahali maji yalipofika. Kila mwenye nyumba inayotazama mto alikuwa nje na ndoo ya chokaa. Mji mzima ulinuka rangi ya mafuta na matope yanayokauka, na mafundi, wakiwa juu ya ngazi zao, waliitana kwa miluzi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mume wangu alitangulia, amevaa suti yake ya kijivu na viatu alivyoving'arisha asubuhi ile mara mbili. Sijapata kumwona mtu aliyevaa vizuri kiasi kile akitembea polepole kiasi kile.

"Bado mbali?" nilimwuliza.

"Si mbali, mwalimu," alijibu, asigeuke.

Aliniita mwalimu tangu siku za uchumba, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na pia kwa sababu, alivyozoea kusema, hata nyumbani nilikuwa sijafunga shule.

Kwa muda wote wa ndoa yetu nilikuwa nimeilea nyumba ile bila kuiona. Kila mwaka ulipokaribia kwisha, mume wangu aliketi na watoto akawasimulia: ngazi za mbao nyeusi zilizolia kila moja kwa sauti yake, roshani ya chuma, madirisha ya mbao ya kijani, na moja lililokuwa juu kuliko yote, ambalo ukisimama hapo utaiona meli ikikata kona ya mto kabla mtu mwingine yeyote mjini hajaiona. Aliiita "nyumba yetu ya mtoni." Hakusema kwamba ni ya baba yake. Wala hakusema kwamba si yake. Nami, niliyewaadhibu watoto wa watu kwa neno moja lisilo la kweli, nilikichukua kimya chake nikakijengea ghorofa.

Ghorofa hiyo nilimwonyesha mkwe mwenzangu. Binti yetu wa mwisho alipochumbiwa, mama wa kijana alikuja kwangu, akaketi kwenye kiti changu kizuri, akayataja malori ya familia yao kama mtu anayeita mahudhurio. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba sisi hatuna malori, ila tuna nyumba ya urithi, ya ghorofa, yenye roshani inayotazama mto. Alinyamaza. Ninakiri kwamba nilikifurahia kimya kile.

Harusi ikapita. Mume wa binti yetu akahamishiwa kazi katika bandari ya mji huohuo wa mtoni, akatualika wazazi wa pande zote mbili tufunge mwaka pamoja. Mume wangu alianza kutafuta visingizio: magoti, joto, nauli, paka wa jirani tuliyeachiwa tumlishe. Nilimkatiza. Nilimwambia kwamba itakuwa aibu kumfikisha mkwe mwenzangu katika mji wa kwenu asiione nyumba ya kwenu. Akaenda kutafuta brashi ya viatu.

Basi siku ile kijana alikuwa kazini, binti yetu amebaki jikoni, nasi watatu tukawa tunaifuata barabara ya mtoni: yeye mbele, mimi nyuma yake, na mkwe mwenzangu kando yangu akijipepea kwa leso.

Nyumba ilikuwapo. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, na hapo ndipo ulipokosea. Kila alichokisema kilikuwapo: roshani ya chuma, ngazi nyeusi, madirisha ya kijani ambayo fundi mmoja alikuwa akiyakwangua rangi ya zamani. Mlangoni, kwenye kiti cha kukunja, aliketi bibi kizee mwenye miwani mizito akimwelekeza fundi kwa fimbo yake.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema, kwa sauti nisiyowahi kuisikia.

"Marahaba." Bibi alimtazama usoni. Kisha akamtazama viatu. Akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. "Madoa! Wewe si Madoa wewe? Karibu, baba, karibu! Miaka yote hii ulikuwa unafunga kamba za viatu?"

Mume wangu aliinamisha kichwa.

"Nyie hamjui," bibi alituambia sisi wawili, kwa furaha ya mtu aliyekosa wasikilizaji siku nyingi. "Huyu alikuwa kijana wangu wa rangi. Hana baba, hana mama, analala pale chini ya ngazi. Ana madoa mpaka kwenye nyusi! Akapata nafasi ya shule ya bweni, kule juu ya mto, lakini wanataka aje na viatu. Nikamnunulia. Tukapatana kwamba atanimalizia madirisha yote kabla ya mwaka mpya. Akapaka, akapaka, likabaki moja, lile la juu kabisa. Asubuhi naamka, meli imeondoka, Madoa kaondoka, viatu vimeondoka! Mwaka mpya ukanikuta na dirisha limekwanguliwa kama kuku aliyenyonyolewa."

Mkwe mwenzangu aliacha kujipepea.

Nilifanya nilichozoea kufanya pale mtoto anapojibu vibaya mbele ya mkaguzi: nilimsahihisha. "Samahani, bibi," nilisema kwa sauti yangu ya darasani. "Bila shaka umemfananisha. Mume wangu amezaliwa katika nyumba hii. Hii ni nyumba ya baba yake." Kisha nikamgeukia yeye. "Mweleze, baba watoto."

Juu ya ngazi fundi alikuwa ameacha kukwangua.

"Hakunifananisha, mwalimu," mume wangu alisema.

Sasa yeye hayupo, nami ndiye ninayeulizwa na wajukuu habari za nyumba ile. Nawasimulia yote bila kupunguza. Hufika pale wanaposhika mbavu zao kwa kumcheka kuku aliyenyonyolewa, nami hulazimika kunywa maji, kwa maana wao humsikia bibi, lakini mimi hujisikia mwenyewe: "Mweleze, baba watoto."

Lakini siku ile, pale mlangoni, uso ulinishuka. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kuwa haikunimeza, niligeuka nikaondoka, nikamwacha mume wangu amesimama mbele ya mlango kama mwanafunzi aliyesahauliwa ubaoni. Nilitembea upesi kandokando ya mto bila kujua niendako. Nilikasirika. Nilimhesabia kila mwisho wa mwaka, kila ngazi iliyolia, kila meli. Nilimwona binti yangu akidharauliwa katika ukoo wa malori mpaka uzeeni.

"Mkwe! Mkwe, nisubiri! Unataka nianguke humu mtoni waseme umenisukuma?"

Alinifikia akihema, akaketi juu ya nguzo fupi ya kufungia mashua, akavua kiatu kimoja na kukikung'uta. Nilianza kumtaka radhi kwa sentensi ndefu niliyokuwa nimeipanga njiani. Hakuniacha niimalize.

"Mume wangu aliponioa, Mungu amrehemu, aliniambia ana ng'ombe," alisema. "Wengi tu. Wako malishoni. Mkwe wangu, mpaka namzika bado wako malishoni."

Sikucheka.

"Na yale malori," aliendelea, akivaa kiatu chake, "moja ndilo linalotembea. Likisukumwa."

"Lakini mume wangu amekudanganya," nilisema.

Aliinua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuwa na mzaha wowote. "Yeye? Yeye hajawahi kuniambia ana nyumba. Siku ile sebuleni kwako alikuwepo, amekaa pale dirishani, anaangalia viatu vyake. Ni wewe uliyeniambia. Na leo ukamtaka aseme hivyo mbele ya yule bibi, akakataa. Mimi ningekuwa na mume wa namna hiyo, nisingekuwa huku napigwa na jua."

Nilitazama maji. Yalikuwa mazito, yenye rangi ileile ya mstari wa kwenye kuta. Aibu niliyokuja nayo pale ilikuwa imegeuka, haikuwa tena ya mume wangu, na hii ya pili ilikuwa yangu peke yangu, haina mtu wa kunisaidia kuibeba. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akizima taa ya sebuleni kila wageni walipoanza kuisifu nyumba ya mtoni, akisingizia usingizi. Nilikuwa nikimwamsha aje awaage.

Tuliporudi, kiti cha bibi kilikuwa kimehamishiwa barabarani, naye amekinga macho kwa mkono akitazama juu. Fundi alikuwa amekaa kibarazani akitafuna muwa, mtu aliyepata likizo asiyoiomba. Koti la kijivu lilikuwa limekunjwa juu ya mapaja ya bibi.

Nilipanda. Ngazi zililia, kila moja kwa sauti yake.

Nilimkuta kwenye roshani ya juu, juu ya ngazi ya fundi, suruali ameikunja, miguu mitupu, akipaka dirisha lile la mwisho. Mkono wake haukuwa umesahau. Brashi ilishuka bila kutikisika, ikigeuka kwenye ukingo bila kudondosha. Viatu vyake vilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo rangi ingeweza kuvichuruzikia. Niliviokota, nikaviweka mbali, karibu na ukuta. Kisha nikaishika ngazi kwa mikono yote miwili, kwa kuwa ilikuwa ikicheza.

"Mkwe wako atakuona," alisema bila kutazama chini.

"Ameshaniona," nilijibu.

Alizidi kupaka. Tone moja lilinidondokea kwenye mkono, nami sikulifuta.

"Nilisema uongo, baba watoto," nilisema. "Hukuusema wewe."

Brashi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Meli inakuja," alisema.

Nilitazama mto. Kwangu mimi ulikuwa mtupu mpaka kwenye kona yake. Nilingoja nikiwa nimeishika ngazi, na baada ya kitambo, kutoka nyuma ya miti, kweli, pua nyeupe ya meli ikachomoza.

Kutoka barabarani sauti ya bibi ilipanda, kali, haina haraka.

"Madoa! Bawaba ya chini umeiruka!"

"Naiona, mama," mume wangu alijibu, akachovya brashi, akashuka kidato kimoja na kuipaka.